Namtilia mume wangu dondoo kwa siri, na sasa majibu ya damu yamepanda

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, mume wangu amelala. Barua hii nimeianza mara nne nikaifuta kwa haya.

Miaka sita iliyopita mume wangu aligundulika kuwa na saratani ya damu, ile aina wanayoiita CML. Tulilia tukidhani ndiyo mwisho. Daktari akatueleza kwamba kwa aina hii vipo vidonge, imatinib, na kwamba akivinywa kila siku bila kuruka, ataendelea na maisha yake. Amevinywa, Shangazi. Kila usiku saa mbili simu yake inalia, anakunywa baada ya kula, na sijamwona akikosa hata siku tuliyomzika mama yake. Kila baada ya miezi mitatu anapimwa kile kipimo cha BCR-ABL, kinachoonyesha ugonjwa uliobaki kwenye damu, na kwa miaka mitatu mfululizo majibu yake yamekuwa chini ya asilimia 0.1. Ilifika mahali tukiingia tu, daktari anatabasamu kabla hatujakaa.

Lakini vidonge vina adha zake. Asubuhi anaamka macho yamevimba. Usiku misuli ya miguu inamkaza mpaka anang'ata shuka asiwaamshe watoto. Mwaka jana aliniuliza, "Hivi nitakunywa hivi mpaka nife?" Sikuwa na jibu, na swali lile halikunitoka.

Ndipo shemeji yangu, mdogo wake, akanitumia video. Mtu aliyevaa koti jeupe anaeleza kwamba dawa za hospitali huua seli za kawaida za saratani, ila zinaziacha "seli shina", ambazo ndizo mama wa ugonjwa, na ndiyo sababu mgonjwa hafunguliwi dawa maisha yake yote. Akasema wanasayansi wamepata dondoo za mimea zinazoziua hizo seli shina zenyewe. Sikumwamini hivi hivi. Nilitafuta, nikasoma mpaka saa nane usiku. Shangazi, utafiti upo kweli! Si maneno ya mitaani. Basi nikaagiza.

Ni unga ndani ya chupa. Lebo imeandikwa "huondoa seli shina za saratani" na chini yake mimea: Tanacetum parthenium, Hypericum perforatum, manjano, habasoda, na mingine miwili ambayo maandishi yake yamefutika. Mume wangu hataki kabisa kusikia habari za mitishamba, kwa hiyo sikumwambia. Kijiko kimoja cha chai kila asubuhi, nakikoroga ndani ya kinywaji chake. Sasa ni miezi minne na nusu.

Mwezi uliopita majibu yalitoka asilimia 0.38, kutoka 0.04. Baada ya wiki mbili wakarudia: 0.41. Daktari aliweka kalamu chini akamtazama mume wangu, akamwambia, "Niambie ukweli, dawa unakunywa?" Mume wangu akasema ndiyo. Daktari akauliza tena, kwa upole, lakini kwa upole wa mtu asiyeamini. Akauliza kama kuna dawa nyingine yoyote, hata ya mitishamba. Mume wangu akasema hapana, na kwake yeye hiyo ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, mkoba magotini. Sikusema kitu.

Njia nzima mume wangu hakuongea. Usiku ndipo akasema, "Miaka sita sijaruka hata siku moja, na leo nimeonekana mwongo."

Damu imepelekwa kupimwa kama saratani imebadilika, na daktari amesema huenda akambadilishia dawa. Miadi yetu ni Alhamisi ijayo. Na mimi bado namtilia ule unga, kwa sababu aliyeniuzia anasema majibu lazima yapande kwanza, "seli zikitoka mafichoni", na nikiacha sasa nitakuwa nimeharibu kila kitu.

Nisaidie. Je, utafiti ule ni uongo? Ni mimi niliyempandishia majibu? Na nikisema, nitabaki na ndoa?

Mke Aliyenyamaza

Mwanangu, marahaba.

Kesho asubuhi usimtilie. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote unaweza kuyasoma polepole, hilo halingoji. Vidonge vyake vya imatinib aendelee navyo saa ile ile, kiasi kile kile, asipunguze wala asiongeze. Na usisubiri Alhamisi. Ukishazungumza na mumeo, pigeni simu kliniki mwombe kuonana na daktari mapema zaidi, mwambieni kuna habari inayohusu dawa ambayo hakuwa nayo.

Kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka mingi dirishani nikigawa dawa, na barua yako nimeisoma kwa jicho la huko. Macho yalinisimama kwenye jina moja kati ya yale uliyoyanakili: Hypericum perforatum. Ni mmea wenye maua ya manjano, ambao watu wengi hutumia kwa ajili ya huzuni na msongo wa mawazo, na mfamasia akiuona karibu na imatinib hushtuka.

Imatinib inavunjwavunjwa na ini kwa kimeng'enya kinachoitwa CYP3A4. Hypericum inaliamsha ini litengeneze kimeng'enya hicho kwa wingi kuliko kawaida. Kwa hiyo mtu anameza kidonge kizima, lakini kinamalizwa na kutolewa upesi, na damu inabaki na dawa pungufu. Hili si la kukisia. Mwaka 2004 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yaliwapa watu wenye afya imatinib, kisha wakawapa Hypericum kwa takriban wiki mbili, wakawapa tena imatinib na kupima damu. Kiasi cha dawa mwilini kilishuka kwa karibu asilimia 30. Hao walitumia bidhaa iliyopimwa, kwa wiki mbili. Mumeo ametumia miezi minne na nusu, unga usiojulikana ndani yake kuna nini na kwa kiasi gani.

Sasa uone daktari wenu alivyokaa siku ile. Mbele yake kuna mtu ambaye kwa miaka mitatu majibu yake yamekuwa mazuri, ghafla yamepanda karibu mara kumi. Kwa kawaida anatafuta mambo matatu: mgonjwa ameacha dawa, saratani imejenga usugu, au kuna kitu kingine kinachoingiliana na dawa. La tatu aliliuliza, akajibiwa hapana. Akabaki na mawili, ama mumeo anadanganya, ama dawa imeshindwa. Na ikiwa dawa imeshindwa, hatua inayofuata ni kumhamishia nyingine, kama dasatinib au nilotinib. Ni dawa nzuri zikiwa mahali pake, lakini kila moja ina hatari zake: dasatinib inaweza kujaza maji kuzunguka mapafu, nilotinib inaweza kuathiri mishipa ya moyo. Tena zote mbili zinapita kwenye kimeng'enya kile kile. Unga ukiendelea kuingia kikombeni, dawa mpya nayo itapunguzwa nguvu, na daktari ataandika kwenye faili kwamba ya pili pia imeshindwa. Hilo ndilo lililonifanya nikujibu leo leo.

Umeuliza kama ni wewe. Kuna uwezekano mkubwa kwamba unga umechangia, sitakuficha. Lakini CML inaweza pia kujenga usugu yenyewe, jeni ya ugonjwa ikibadilika kidogo mpaka dawa isiweze kuishika, na ndicho wanachokitafuta kwenye ile damu iliyopelekwa. Nani alaumiwe kwa kiasi gani, si mimi wala wewe tunayeweza kusema usiku huu. Tunachojua ni kwamba daktari anapiga hesabu huku namba moja imefichwa chini ya meza.

Kuhusu aliyekuuzia na hayo maneno ya "seli zikitoka mafichoni": kipimo cha BCR-ABL kinahesabu alama ya ugonjwa ndani ya damu. Ikipanda, ugonjwa umeongezeka. Hakina tafsiri nyingine ya kupanda kwanza ili kushuke, na mtu anayemwambia mke wa mgonjwa aendelee wakati namba zinapanda anafanya jambo baya sana. Usimpigie tena, hata kumgombeza.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, maana nimeona ulivyokesha ukisoma na sitaki kukudharau. Hapana, utafiti si uongo. Yule wa koti jeupe alianza na ukweli, na ndiyo maana alikushika.

Aliyewahi kulima anaijua ndago. Unakata majani, shamba linaonekana safi, baada ya siku chache imechipua tena, kwa sababu kilichobaki ardhini ni zile punje. Mwaka 1994 kundi la John Dick huko Toronto lilichukua seli za lukemia, yaani saratani ya damu, za wagonjwa na kuzitia kwenye panya wasio na kinga ya mwili. Wakaona kwamba seli nyingi mno za saratani haziwezi kuanzisha ugonjwa upya. Ni chache, adimu sana, zinazoweza. Hizo ndizo seli shina za lukemia. Kwenye CML, ugonjwa wa mumeo, mtafiti Tessa Holyoake na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba baadhi ya seli hizo zimelala usingizi, hazigawanyiki, na miaka michache baadaye wakaonyesha kwamba imatinib haiziui zikiwa zimelala. Inaua watoto wake, yenyewe shina linabaki limejificha ndani ya uboho wa mifupa. Kwa hiyo swali la mumeo, kwa nini haachi vidonge, ni swali ambalo maabara kubwa duniani zimekuwa zikilihangaikia.

Mimea nayo imo katika hangaiko hilo, kwa haki kabisa. Ule wa kwanza kwenye lebo yako, Tanacetum parthenium, una kemikali iitwayo pathenolaidi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Monica Guzman na Craig Jordan na wenzao, walionyesha kwamba pathenolaidi inaua seli shina za lukemia kali ya mieloidi, aina nyingine ya saratani ya damu, huku ikiziacha salama seli shina za kawaida zinazotengeneza damu. Nakumbuka nilivyofurahi niliposoma. Kuua seli za saratani ndani ya bakuli la maabara si kazi. Hata dawa ya kusafishia choo inaziua. Kuua za ugonjwa na kuziacha za uzima, hilo ndilo la ajabu, kwa sababu mtu akipoteza seli shina zake za uzima hana damu tena.

Lakini video yako haikukueleza kilichofuata. Pathenolaidi haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo mtu akiimeza haifiki kwenye damu inavyotakiwa. Mwaka 2004, kabla hata ya ule utafiti wa Rochester, wagonjwa wa saratani walipewa vidonge vya mmea wenyewe, vimepimwa, mpaka miligramu 4 za pathenolaidi kwa siku. Wakatafuta kemikali hiyo kwenye damu zao. Haikuonekana. Vidonge vilivyotengenezwa kwa uangalifu havikufikisha kitu kwenye damu. Kijiko cha unga kitafikisha nini kwenye uboho, ndani kabisa ya mfupa, kwenye seli zilizolala? Ndiyo maana wale wanasayansi hawakurudi kusaga majani. Walikaa chini wakaibadili molekuli yenyewe ili iyeyuke, wakapata inayoitwa DMAPT, na mwaka 2007 wakatangaza kwamba hiyo nayo inaua seli shina za lukemia na inaweza kumezwa. Hadi leo haijawa dawa ambayo daktari anaweza kumwandikia mgonjwa. Miaka yote hiyo, na watu wale wana elimu na fedha na nia njema.

Kuna mmea mmoja ambao ulifika mwisho wa safari, na unahusu ugonjwa huu huu wa mumeo. Ni mti uitwao Cephalotaxus. China walianza kutumia kemikali yake, homoharingtonini, kwa saratani za damu tangu miaka ya 1970. Baadaye, kwenye panya wenye CML, ilionekana kupunguza hata zile seli shina. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha aina yake iitwayo omacetaxine kwa wagonjwa wa CML ambao dawa mbili au zaidi za aina ya imatinib zimewashinda. Huchomwa kama sindano chini ya ngozi, dozi ikihesabiwa kwa ukubwa wa mwili, na damu ikipimwa mara kwa mara, kwa sababu inaweza kushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, mpaka mtu akatokwa damu. Hiyo ndiyo dondoo ya mmea inapokuwa dawa kweli. Ina nguvu ya kuponya na nguvu ya kuua, na vyote viwili vimepimwa.

Hata vinkristini, ambayo watoto wengi wenye lukemia duniani wamepewa tangu miaka ya 1960, inatoka kwenye ua la Catharanthus roseus, lile la waridi linalopandwa kwenye bustani. Waliofungua njia hiyo, Robert Noble na Charles Beer wa Kanada, walikuwa wakitafuta dawa ya kisukari. Badala ya sukari kushuka, waliona panya wao wanapungukiwa chembe nyeupe za damu, nao wakawa na busara ya kujiuliza maana yake. Leo dozi yake ya kawaida kwa mtu mzima haizidi miligramu 2 kwa mara moja, na ikidungwa kwa makosa kwenye maji ya uti wa mgongo, inaua. Nimewahi kuishika chupa yake ndogo mkononi nikafikiria ua lile. Siidharau mimea, mwanangu. Naiheshimu mno kiasi cha kutotaka imiminwe kwa kijiko cha chai ndani ya kikombe cha mtu asiyejua.

Na hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Umeniuliza habari za utafiti na habari za majibu, lakini barua yako inaniambia kinachokunyima usingizi ni ule mkoba magotini.

Mwambie mumeo kwanza, kabla ya daktari, mkiwa wawili, watoto wamelala. Anza na tendo lenyewe, sababu zije baadaye. Ukianza na mapenzi yako, na video, na jinsi ulivyokesha, atasikia mtu anayejitetea. Sema: "Tangu mwezi fulani nimekuwa nikikutilia unga wa mitishamba kwenye kinywaji chako kila asubuhi. Sikukuambia. Nadhani umepunguza nguvu ya dawa yako. Nimeacha." Kisha nyamaza, umwache aongee yeye. Jina la shemeji usilitangulize liwe ngao. Kama atauliza ulipopata habari, mjibu.

Huenda atakasirika kuliko ulivyowahi kumwona, na atakuwa na haki. Mwili ni wake. Alikataa jambo, likafanyika mgongoni kwake, kisha akaulizwa mbele ya daktari kama ni mwongo na wewe ukiwa umekaa kando. Usimwombe akusamehe usiku huo huo, maana utakuwa unamdai kitu kingine tena. Kama ndoa itabaki, siwezi kukuahidi. Ninachoweza kukuambia, kwa niliyoyaona dirishani, ni kwamba watu wengi husamehe jambo lililosemwa na mwenyewe, na wachache sana husamehe walilolivumbua wenyewe baada ya dawa ya pili nayo kushindwa.

Halafu kliniki. Mkiingia, usimwachie mumeo aanze kueleza. Sema wewe, akiwa anasikia: "Daktari, alikuwa anasema kweli. Hajaruka hata siku moja. Ni mimi niliyekuwa namtilia kitu bila yeye kujua." Mumeo alivunjiwa heshima ndani ya chumba kile, na ni ndani ya chumba kile anapaswa kurudishiwa. Usiogope kwamba daktari atakufukuza. Wamewahi kusikia makubwa kuliko hayo, na wengi watashukuru, kwa sababu umewaondolea fumbo.

Daktari ataamua la kufanya, lakini ujue vya kuuliza. Uliza kama ini lipimwe, maana manjano yaliyokolezwa kwenye vidonge na unga yamewahi kuumiza maini ya watu, na ile mimea miwili iliyofutika hatujui ni nini. Uliza kama inawezekana kupima kiasi cha imatinib kwenye damu. Uliza kama ubadilishaji wa dawa unaweza kungoja majibu ya kipimo cha jeni na BCR-ABL nyingine. Baada ya Hypericum kuachwa, kimeng'enya hurudi kawaida kwa muda wa wiki mbili hivi, ila namba za BCR-ABL hushuka polepole, kwa wiki na miezi, kwa hiyo msikate tamaa kipimo kijacho kisipokuwa kizuri mara moja. Na kama jeni itaonekana imebadilika, basi kubadili dawa ndilo jambo sahihi, mkubali.

Mweleze pia daktari habari ya misuli na macho. Nina hakika mumeo hajasema, au amesema nusu, kwa sababu mtu anayeng'ata shuka asiwaamshe watoto ndivyo alivyo hata mbele ya daktari. Kuvimba macho na kukaza misuli ni adha zinazojulikana za imatinib, na zipo njia za kuzipunguza. Hakuna anayepewa tuzo kwa kuzivumilia kimya.

Na lile swali lake la mwaka jana lina jibu ambalo hamkupewa. Mwaka 2010 madaktari wa Ufaransa walitangaza matokeo ya wagonjwa 100 wa CML ambao ugonjwa wao haukuonekana kabisa kwenye vipimo kwa angalau miaka miwili. Waliacha imatinib, chini ya uangalizi, wakipimwa mara kwa mara. Takriban wanne katika kila kumi walikaa bila ugonjwa kurudi. Ambao ulirudi walianzishiwa tena dawa, na kwa wengi wao ulitulia tena. Tangu hapo jambo hilo limeingia kwenye miongozo ya matibabu, kwa wanaotimiza masharti: namba za chini sana, kwa miaka, na maabara ya kuwafuatilia kwa karibu. Mumeo kwa sasa hayupo hapo, namba zake lazima zishuke kwanza. Lakini miaka mitatu alikuwa njiani kuelekea huko bila mtu kumwambia, kwa kidonge kile kile cha saa mbili usiku. Mwambie hilo siku nyingine, si siku utakayomwambia la unga.

Shemeji wako mwachie kakake azungumze naye. Wewe una ya kutosha.

Niandikie baada ya kuonana na daktari, hata kama ni mistari miwili. Na ile chupa usiitupe kwa hasira wala kwa woga wa kuonekana. Ifunge vizuri, uandike kwenye karatasi tarehe uliyoanza na tarehe ya kijiko cha mwisho, viweke pamoja ndani ya mkoba ule ule, uende navyo.

Shangazi yako